Nimekusikia

Masii,
6 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Mwelu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Nimemwomba Kavata, jirani yangu anayekuja kuuza kunde na machungwa katika soko la huko mjini, akufikishie karatasi hii mkononi.

Najua kuna simu. Lakini simu ni chombo cha watu wenye haraka. Mmoja huanza kujibu kabla mwenzake hajafika mwisho wa sentensi. Barua haimkatizi mtu. Ukikasirika katikati, utaiweka mezani, utafanya kazi zako, kisha utarudi na kuikuta imekusubiri pale pale.

Tangu harusi ya Fatuma mwishoni mwa Agosti hujaniletea hata salamu. Nimekaa nikatafuta sababu, na naona ni ile hotuba yangu. Niliombwa niseme neno kama mjomba wa bibi harusi, nami nikawasifu vijana waliojaza barabara siku ile ya maandamano ya Juni. Nilisema kwamba nchi ambayo vijana wake wamenyamaza imeanza kufa. Watu wachache walipiga makofi. Wengi walitazama sahani zao. Wewe ulisimama ukaingia jikoni, na hukutoka tena mpaka nilipoondoka.

Sisi wawili hatujawahi kupigia kura chama kimoja. Marehemu mumeo Mahmud alikuwa akitutania kwamba tungegombana hata juu ya rangi ya sanduku la kura. Lakini tulikuwa tukigombana na kula. Siku hizi hatugombani na hatuli.

Hapa nyumbani pametulia mno. Tangu mke wangu Kavutha afariki, nimejifunza kupika muthokoi, ila sijajifunza kupika ya mtu mmoja. Mkono wangu bado unapima mahindi ya watu wawili. Kavata hupita jioni kunitazama, ingawa naye amekuwa mtu wa maneno machache. Redio nimempa yeye. Siasa zake zilinichosha.

Katika watoto wote wa mama, tumebaki wewe na mimi. Njoo Masii siku moja, tuketi, tuongee. Sitaki kitu kingine.

Kaka yako,
Ndambuki


Machakos mjini,
14 Oktoba 2025

Kwa Kaka Ndambuki,

Salamu. Mimi niko mzima, Alhamdulillahi. Kavata alileta barua akakaa hapa na mimi, akaongea mpaka chai ikapoa kwa kikombe. Ati maneno machache. Labda wewe ndiye hujui kumwongelesha.

Kaka, unajua kunichekesha vibaya. Unaandika ukurasa mzima kutafuta sababu, na sababu nilikuambia na mdomo wangu.

Nilikupigia simu siku moja kabla ya harusi. Nilikuwa nalia. Nilikuambia siku ya maandamano walivunja duka la Mahmud. Walibeba vitambaa vyote, hata mashine ya kushona waliitoa nje wakashindana nayo mpaka ikaanguka kwa mtaro. Sikuwa nimekuambia mapema kwa sababu nilijua utanipa somo, na sikuwa na nguvu ya somo. Nikakuambia wageni wangu wa kesho ni majirani wa ile laini ya maduka, na wao pia walivunjiwa. Nikakuomba, tafadhali kaka, kesho usitaje maandamano. Sema mambo ya ndoa, umbariki mtoto, ukae chini.

Ulinijibu nini? Ulisema, "Nimekusikia, Mwelu. Nimekusikia." Mara mbili.

Halafu kesho yake ukasimama mbele ya watu waliolia na mimi, ukawasifu walioniibia. Mama Yasin wa duka la viatu aliniuliza jikoni, "Huyu ni ndugu yako wa damu ama?"

Usiniambie tulikuwa tunagombana na kula. Hii si kugombana. Ni wewe ulisikia na ukaamua.

Jambo lingine. Jina langu ni Swabra. Niliolewa na kusilimu nikiwa msichana na sasa niko na mvi. Jina hilo pia hujawahi kulisikia.

Swabra


Masii,
21 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu,

Nilipofika mahali pa duka, niliweka barua chini nikatoka nje. Nilitembea mpaka kwenye ua wa katani nikarudi. Mahmud alilifungua duka lile kwa mikono yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi alipokuwa akipaka rangi jina juu ya mlango. Pole sana. Ningeandika pole mara nyingi zaidi, lakini neno likirudiwa sana hupungua uzito.

Kuhusu simu, nataka nieleze jambo moja la lugha. Uliniambia ukweli: nilisema "nimekusikia". Lakini kusikia na kukubali ni vitendo viwili. Kule kwetu tumevichanganya. Mama alipouliza "umesikia?" hakuwa anauliza habari za masikio. Aliuliza kama umekwisha kuinuka kwenda kuchota maji. Kwa hiyo mtu wa nyumbani kwetu akiambiwa "nimekusikia" huhesabu kwamba amepewa ahadi. Mimi sikutoa ahadi. Nilisema nimekusikia, basi.

Najua maelezo haya hayakuponyi. Kwa hiyo napendekeza kitu nilichokuwa nikifanya darasani. Wanafunzi wawili wakibishana, sikumruhusu yeyote ajibu mpaka kwanza aseme hoja ya mwenzake, na mwenzake akubali: ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema. Wengi walikuta hawajui wanapinga nini.

Naanza mimi. Wewe unasema hivi: serikali haina kosa, vijana wote ni wezi, na aliyeandamana akipigwa ni halali yake.

Je, hivyo ndivyo?

Kaka yako,
Ndambuki


Machakos mjini,
3 Novemba 2025

Mwalimu,

Sifuri. Rudia.

Nilimsomea Mama Yasin hiyo sehemu yako ya kusikia na kukubali. Akasema, "Huyu mzee akikukanyaga mguu atakueleza maana ya kiatu." Tulicheka, kaka, lakini usiku sikucheka. Wewe ulikula kwa sufuria moja na mimi. Unajua "nimekusikia" ya kwetu ni nini. Usinifanye mwanafunzi.

Lakini hiyo njia yako nitaijaribu, kwa sababu hakuna mtu mwingine ameniuliza mimi nasema nini. Diwani alikuja akapiga picha na mlango uliovunjwa, akaenda. Watoto wa mtandao walisema wenye maduka ni vibaraka. Kila mtu ananiambia ninachosema.

Sikusema serikali haina kosa. Mimi pia ninanunua unga. Na sikusema wote ni wezi. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Fatuma.

Siku ile nilijificha kwa duka la Mama Yasin, mlango umefungwa, naangalia kwa ufa. Niliona msichana anatoka kwangu na jora la kitambaa cha sare, amelikumbatia kama mtoto. Sketi aliyovaa nilimshonea mimi. Niliijua kwa pindo, kwa sababu mamake aliniomba niache kitambaa cha ziada ndani, akirefuka waifungue. Ilikuwa imefunguliwa. Amekuwa mrefu.

Polisi waliponiuliza kama nilimtambua mtu yeyote, nilisema hapana.

Sasa andika tena. Wewe na elimu yako, niambie mimi nasema nini.

Swabra


Masii,
12 Novemba 2025

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako asubuhi, mchana, na sasa tena. Jana niliamka nikakuta uwanja umelowa na pipa limejaa. Kumbe mvua ilinyesha usiku kucha. Nikasema, hata kunde za Kavata zitafurahi. Kisha nikakaa na barua yako kibarazani, mahali pangu pa kawaida, nikitazama shamba.

Najaribu tena. Wewe unasema hivi: mtu anaweza kuwa na haki ya kukasirika na bado akakukosea wewe. Unasema waliokuumiza si wageni waliotoka mbali, ni watoto uliowapima kiuno, na hilo ndilo linalokunyima usingizi. Unataka mtu aseme kwamba ulilofanyiwa ni baya, aseme bila kuongeza neno "lakini". Mimi kwenye harusi ya mwanao sikusema. Nilisema ile "lakini" peke yake.

Kama hii nayo ni sifuri, nitarudia.

Sasa naomba ruhusa yako nieleze upande wangu, si kwa kukujibu, ila ili uwe nao. Unamkumbuka Ndunda, aliyekuwa akija kusoma vitabu kwangu likizo? Alimaliza chuo kikuu na shahada ya hesabu. Anavunja mawe machimboni Mlolongo. Alikuja kunisalimu mwezi wa Mei, akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kigumu kuliko cha baba yetu aliyelima maisha yake yote. Mimi ndiye niliyemwambia asome. Nilimwambia yeye na darasa zima, mwaka baada ya mwaka. Juni nilipoona picha za vijana barabarani, nilimtafuta yeye kati yao. Nilitamani awepo. Nilitamani amlaumu mtu fulani kwa sauti kubwa, ili nisiwe mimi.

Njoo Masii, Mwe— niache niandike sawasawa, mkono umezoea vibaya. Njoo, dada. Usilete kitu.

Ndambuki


Machakos mjini,
26 Novemba 2025

Kaka,

Hiyo sasa ni kumi kwa kumi. Niliisoma nikiwa kwa baraza ya duka, na mteja alikuwa ananingoja nimpime, nikamwambia angoje. Hakuna mtu ameniandikia mimi hivyo tangu Mahmud afe.

Zamu yangu. Wewe unasema hivi: tuliwaambia watoto wasome tutawangoja kule mbele, wakasoma, wakafika kule mbele wakakuta hatuko. Na mtu mzima akikutana na mtoto kama huyo afadhali amwache apige kelele, kuliko kumwambia anyamaze kwa sababu inamwaibisha.

Ni hivyo? Nipe alama, na usinionee huruma.

Mimi bado nasema afadhali kelele bila kuvunja. Lakini nimefikiria yule msichana. Labda ako na kaka kama Ndunda.

Nitakuja. Sisemi siku gani kwa sababu nikikuambia utaanza kufagia na kupika muthokoi ya wilaya nzima. Utaniona tu langoni.

Swabra


Machakos mjini,
9 Desemba 2025

Ndambuki,

Nilikuja juzi.

Ulikuwa umekaa kibarazani, umenipa mgongo, unaangalia shamba. Nilibisha lango, lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikaita, "Hodi." Nikaita, "Kaka." Nikaita jina lako lote kama mama alivyokuwa akiita. Jirani wa ng'ambo ya barabara alitoka kuona ni nani anapiga kelele. Mbwa wako alisimama, akaniangalia, akakuangalia wewe. Wewe hukugeuka. Uligeuza ukurasa wa kitabu.

Nilisimama na mahamri yakipoa mkononi. Nilifikiri, labda anataka niombe msamaha kwanza. Labda barua ni mchezo wa mwalimu, na akimaliza kumsahihisha mtu anafunga daftari.

Mahamri nilimpa jirani. Nilipanda gari nikarudi.

Umesikia? Sasa hii ni ile ya mama.

Swabra


Machakos mjini,
19 Desemba 2025

Kaka Ndambuki,

Hujajibu. Kavata anasema ulisoma barua yangu mbele yake, ukaingia ndani, na hukai kibarazani tena.

Nimekuwa nikishona na barua zako ziko hapa kando ya mashine. Mashine ni ya Mama Yasin, ina kelele kama gari bovu. Jana umeme ulipotea, kukawa kimya, nikazisoma zote tena kwa mpangilio, kama ulivyotufundisha kusoma ufahamu.

Kaka, niko na paa la mabati kama lako. Mvua ikinyesha usiku, mimi hata nikiamshwa na mtu siwezi kumsikia anasema nini. Wewe unaandika ilinyesha usiku kucha, na ulijua asubuhi kwa kuona pipa.

Kavata, ambaye anaweza kuongea na ukuta, kwako ni mtu wa maneno machache. Redio umetoa. Simu unasema ni ya watu wa haraka, na wewe ndiye ulikuwa ukinipigia hata kuniambia ng'ombe amezaa. Kwa barua zako zote kuna uwanja, kuna pipa, kuna kiganja cha Ndunda. Hakuna kuku anayewika. Hata kwa harusi, unaniambia watu walitazama sahani, hunielezi ni nini walinong'ona, na walinong'ona kwa nguvu.

Nilimbana Kavata. Aliangalia chini akasema, "Mama Fatuma, mimi niliapa. Muulize mwenyewe."

Sasa nakuuliza, na nakuuliza polepole. Ile siku ya simu, nikilia, ulisikia hata neno moja?

Swabra


Masii,
23 Desemba 2025

Swabra,

Hapana.

Nilijua ni wewe kwa jina lililotokea kwenye kioo cha simu. Niliiweka sikioni na kulikuwa na kitu kama upepo. Nikasema nimekusikia, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyomwambia kila mtu, mchungaji, chifu, muuza mbolea, na wote huondoka wameridhika. Daktari alisema sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilielewa nilichofanya. Ningeweza kukuambia wakati ule. Niliona afadhali unione mkaidi kuliko unione kiziwi. Mkaidi bado hubishana naye. Kiziwi huonewa huruma, watu husema juu ya kichwa chake, halafu hawasemi kabisa. Nimekuwa katika ukimya huu tangu mwaka jana, dada, na ni mkubwa kuliko nyumba.

Siku uliyokuja nilikuwa nasoma kitabu na kungoja uje.

Alama zako ni kumi kwa kumi.

Nimegeuza kiti. Sasa kinatazama lango tangu asubuhi.

Ndambuki


Machakos mjini,
29 Desemba 2025

Kaka yangu,

Nitakuja siku ya soko, na gari anarudi nayo Kavata, na mahamri mengine. Sitabisha wala sitaita.

Usifikiri nimesamehe yale maandamano. Bado walinivunjia duka, na niko na maneno mengi ambayo hayakuingia kwa karatasi. Nitakaa mbele yako, karibu, mahali pa mwangaza. Nitasema polepole, na wewe utanitazama mdomo mpaka nimalize. Ukikosa neno, usiseme umelisikia. Inua mkono kama mtoto wa shule, nitarudia.

Kaa hapo hapo.

Dada yako